Mumiani Halishi Mtu

Utotoni mwangu, huko Munje, mumiani hakuwa na meno marefu. Alikuwa na gari lisilotoa sauti. Bibi, mama yake mama yangu, alitueleza kwamba hupita alasiri, watu wamelala baada ya chakula, akamnyakua mtu, akamning'iniza kichwa chini juu ya karai. Damu hupelekwa ng'ambo kutengenezwa dawa. Ukubwani nilisoma kwamba zamani mumiani lilikuwa jina la dawa yenyewe, nyeusi kama lami. Nililifurahia jambo hilo. Hata hivyo mpaka leo, joto likishatulia juu ya njia ya mchanga na makuti hayatikisiki, mimi husikiliza.

Mwaka juzi dada yangu, mjane, alitakiwa kupasuliwa uvimbe tumboni, hospitali ya Msambweni. Damu yake ilikuwa imepungua sana. Daktari alisema hatamgusa mpaka jamaa waje kutoa damu, na uvimbe ulikuwa ukimmaliza. Mimi nilikataliwa kwa sababu ya dawa za presha ninazomeza. Nikatoka Ukunda kwenda Munje kuwaomba wengine.

Walinipa chai, wakaniuliza hali ya mgonjwa. Hakuna aliyesema hapana. Mmoja alikuwa na safari ya Kinango kununua mbuzi, mwingine alikuwa na nyavu za kushona. Lakini kila aliyezungumza alimtupia jicho Bibi, aliyekaa mkekani akisuka ukili.

"Mume wangu," aliniambia, kwani ndivyo anavyomwita kila mjukuu wa kiume, "ulinikimbia ukaenda mjini. Sasa umerudi kuuza jamaa zako?"

Nilimweleza habari ya sindano mpya, mfuko, kitanda safi. Vidole vyake viliendelea na kazi. Nilipotaja kwamba mtoaji hupewa soda na biskuti, vikasimama.

"Hupewa ale pale pale?"

"Pale pale."

"Mumiani halishi mtu," akasema. "Hiyo ni kuchanjiana."

Zamani watu wawili walichanjwa kifuani, damu ikapakwa kwenye vipande vya ini, kila mmoja akala kipande chenye damu ya mwenzake. Waliinuka hapo ndugu wa kuzikana. Bibi alipata kuona kwa macho yake. Kwake hesabu ilikuwa fupi: pana damu, pana chakula, basi pana undugu. Sikumsahihisha. Safari ya Kinango ikaahirishwa, nyavu zikangoja.

Kisha akamgeukia binamu yetu, mtoto wa mjomba. Huyu tangu utoto alikuwa akimwita dada yangu mke wangu, naye dada akimwita bwanangu, kama watani wanavyofanya. Hakuwahi kuoa.

"Wewe fikiri kwanza," Bibi akamwambia. "Ukishachanjiana naye ni dada yako. Umke umekwisha."

Watu wakacheka, wakamwambia mahari yake imeliwa na mumiani. Yeye alikuwa akitazama kikombe chake.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Bibi naye alikuja, akaketi mlangoni mwa chumba cha kutolea damu, akamwuliza muuguzi kwa upole kama mumiani wa siku hizi hashibi, mbona mwembamba hivyo. Binamu alitoa damu. Akapewa soda, akainywa kidogo. Biskuti akaitia mfukoni: nusu ilikuwa haki ya mgonjwa, na hakutaka kula kabla yake. Muuguzi alimsihi, hakusikia. Akainuka, akapiga hatua, akaanguka taratibu kama shuka inayotoka kambani. Mama mmoja ukumbini akamkumbata mwanawe na kuondoka kwa haraka.

Alizinduka. Damu ikatosha, dada akapasuliwa, uvimbe ukatolewa.

Siku aliyoruhusiwa kula, mimi na binamu tuliingia wodini pamoja. Dirisha lilikuwa wazi, chandarua kikipumua na upepo wa pwani, na dada amelala ndani ya weupe ule kama mtu aliye mbali.

"Bwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "kumbe umekuja."

Binamu alitoa biskuti, iliyokuwa imevunjika vipande vipande. Akagawa, akamwekea fungu lake kiganjani.

"Pole, dada," akasema.

Dada alimtazama. Bibi alikuwa amekwisha kumweleza habari ya kuchanjiana. Akatia chembe mdomoni, akatafuna polepole, na binamu naye akatafuna za kwake.

"Ahsante, kaka," akasema dada.