Kubana Mafuta Mteremkoni

Juzi nilipata lifti ya lori la maharage kutoka Kibondo kwenda Kasulu. Mbele tulikaa watatu: dereva, mimi, na mama mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona mgonjwa hospitalini Kabanga. Kwenye mteremko mrefu dereva akatoa gia. Lori likaporomoka lenyewe, kimya.

Mama akashika dashibodi kwa mikono miwili. "Mwanangu, mbona injini haingurumi?"

"Nabana mafuta, mama."

"Sawa. Ila mimi nakwenda kuona mgonjwa tu. Nguo za kulazwa sikubeba."

Dereva akacheka. Alipoona mama hacheki, akakanyaga breki, akarudisha gia.

Tajiri wa lori atanung'unika kwamba mafuta yamepungua. Ni kweli, yalipungua. Abiria hatukupungua.