Onyo Aliloling'oa Bwana Vifurushi

Mtaani walimwita Bwana Vifurushi, na wengi waliamini anafanya kazi posta. Fundi viatu wa pale kona hakumwacha apite hivihivi.

"Bwana Vifurushi, leo umefunga mizigo mingapi?"

"Mmoja."

"Na wiki iliyopita?"

"Ni huohuo. Bado naufunga."

"Haki ya Mungu, na mimi nitafutie kazi kama hiyo, shemeji!"

Alimwita shemeji kwa sababu alikuwa na miaka sita akimtupia jicho dada mtu, na dada mtu hana habari, au anazo akajifanya hana. Lakini hayo ni yao.

Tusimcheke fundi viatu, maana kazi yenyewe haielezeki upesi. Ipo programu ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali, jedwali hili likijua habari za lile: mgonjwa fulani, kitanda fulani, daktari fulani. Wajuzi huiita hifadhidata. Walioiandika wako mbali, wanaigawa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Ila ikitoka mikononi mwao ni kama kitambaa cha jora: kizuri, lakini hukivai. Lazima atokee mtu aikate na kuishona mpaka iukae mfumo wa kompyuta, ambao nao ni wa bure, wa watu wote. Ikishashonwa hivyo huitwa kifurushi, na mshonaji ndiye mlezi wake; Bwana Vifurushi alikilea kimoja kwa miaka kumi na minane. Asubuhi alitengeneza printa za watu. Akishakula mchana, alikaa kwenye meza iliyobanwa kati ya kabati na cherehani ya dada yake, akakijenga kifurushi, akakijaribu, kikamgomea, akakijenga upya. Hakuna aliyemshukuru. Kazi ile ni kama figo, mtu huzikumbuka siku zinapouma.

Basi mwaka ule mfumo ulibadilisha utaratibu wake wa kupanga herufi. Jambo dogo, utasema. Lakini ndani ya hifadhidata mna faharasa, orodha iliyopangwa ili jina lipatikane upesi. Chukua droo ya kadi iliyopangwa na karani wa zamani kwa mpango wake, kisha umlete karani mpya mwenye mpango mwingine. Anafungua droo, anatazama pale anapojua yeye, hakuti kitu, anakwambia hakuna. Na kadi imo! Iko vidole vitatu tu kutoka pale. Dawa yake ni amri ya mstari mmoja ya kuipanga faharasa upya, ila lazima mwenye mashine aambiwe.

Bwana Vifurushi aliwaambia. Aliweka onyo katikati ya usakinishaji, pale mtu anapoingiza toleo jipya kwenye mashine, kazi isiendelee mpaka mtu ajibu kwamba amesoma. Matusi yakamiminika. "Mashine zetu mia mbili zimesimama zinangoja porojo zako!" aliandika mmoja. Mwingine akauliza kama mlezi analipwa kwa neno. Siku nyingine angeyaacha yapite. Lakini mwezi ule dada yake alikuwa amelazwa, yeye anashinda kwenye benchi la wodini, usingizi hana. Alasiri moja akaling'oa lile onyo, akalihamishia kwenye maelezo ya toleo, ukurasa wa nne, chini kabisa. Na maelezo ya toleo husomwa na nani? Matusi yakakoma. Dada akapona, akarudi kwenye cherehani yake.

Miezi mitano baadaye ikaja barua pepe kutoka kwa karani wa kumbukumbu wa hospitali moja ndogo, ya adabu sana.

"Shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Tangu tuweke toleo jipya, majina mengine tukiyatafuta yanakataa, kumbe yapo. Kuna bwana alikuja na nguo za mkewe, aliyeletwa na majirani yeye akiwa kazini, nikatafuta, nikamwambia hayupo kwetu. Akazunguka hospitali nyingine siku mbili. Mkewe alikuwa wodi ya pili, mahututi, akafariki siku ya pili hiyohiyo. Sasa yule bwana huja dirishani kwangu kila Jumanne, ananiambia nilimficha mkewe. Hafanyi fujo, anasema tu. Naomba maelekezo."

Alimtumia ule mstari mmoja. Jioni karani akajibu: ahsante sana, sasa majina yote yanaonekana. Na mambo yangeweza kuishia hapo. Kwenye kumbukumbu za mabadiliko Bwana Vifurushi alikuwa ameandika tu, "Onyo limehamishiwa kwenye maelezo." Nani angekwenda kufukua?

Siku ya tatu dada yake alisimamisha cherehani.

"Kaka, chai imepoa mara mbili. Una nini?"

Akamsimulia. Dada alisikiliza huku pini zi mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Ulimuua wewe?"

"Hapana. Alikuwa mahututi."

"Sasa unajitesea nini?"

"Alikufa akidhani mumewe hakuja, dada."

Dada alizichomeka pini kwenye kitambaa.

"Mimi niliamka nikakukuta umesinzia kwenye benchi, mdomo wazi," alisema. "Nikajua nitapona."

"Usiniambie hayo."

"Nakwambia. Na huyo karani, kila Jumanne anaubeba mzigo wa nani?"

Bwana Vifurushi alinyanyuka. Alirudi mezani, akalirudisha onyo mahali pake, akaandika barua. Alieleza alichokitoa, siku aliyokitoa na sababu, na kwamba hata angekuwa karani mwenye macho manne asingeweza kuliona lile jina. Alipofika kwenye sababu aliandika "nilichoka", akalifuta, akatafuta neno lenye heshima zaidi, hakulipata, akalirudisha.

Kesho yake karani akauliza: "Naweza kuichapa nikampa yule bwana?"

Swali hilo lilimkalisha mpaka adhuhuri. Angeweza kusema mweleze tu kwa mdomo. Mwisho akajibu, "Mpe. Andika na jina langu kamili, na mahali ninapoishi."

Kuanzia hapo kila mlango ukigongwa, cherehani ilinyamaza. Mara ni mteja wa dada, mara fundi viatu anaazima mkasi. Jumanne ikapita.

Alhamisi karani aliandika. Yule bwana aliisoma barua akiwa amesimama, mara mbili, akaikunja akaitia mfukoni. Hakutukana wala hakulia. Aliuliza jambo moja tu: onyo lenyewe lilikuwa na maneno mangapi?

Bwana Vifurushi akalifungua, akahesabu kwa kidole kwenye kioo, neno kwa neno. Akahesabu tena.

Akamwandikia karani: kumi na tisa.