Simu Iliyooshwa Pamoja na Nguo za Marehemu

Mimi sikusoma. Nilitoka darasa la tatu nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu, nikatoka kwenye ng'ombe nikaenda machimboni, na nyumba hii ya matofali ya kuchoma hapa Didia niliijenga kwa mikono iliyopasua mwamba upande wa Geita. Sisemi hivyo kuomba sifa. Nasema ili ujue kwamba mikono hii haikuwahi kushindwa na kitu mpaka iliposhindwa na kipande cha kioo.

Simu ilikuwa ya mke wangu. Binti yetu aliyeolewa Mwanza ndiye aliyemnunulia. Mimi nina kitochi changu cha vitufe, kinanitosha. Ile yake kila nilipoigusa haikunitambua. Ngozi ya vidole vyangu imekuwa gome kwa sababu ya nyundo na mtalimbo. Mke wangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

"Baba watoto, hapo unabonyeza au unachimba?"

Kisha anaichukua, anachora kwa ncha ya kidole vile vidoti vyake vya kufungulia, fyu, imefunguka. Sikuwahi kuangalia anachora nini. Nani anaangalia mkono wa mke wake?

Alipolazwa Shinyanga mjini, jioni moja alinivuta akanisogeza karibu. "Nimekuwekea maneno yako humo kwenye simu," akasema. "Nimeyasema kwa sauti, maana barua ungesomewa na watu. Usiyasikilize kukiwa na wageni. Wakishaondoka wote, ukae chini, usikilize."

Nikamwambia aache maneno ya kuaga, tutarudi nyumbani tulime. Akasema, "Haya, tutalima."

Hatukulima. Tulimrudisha tukamzika, na mimi nikangoja kama alivyotaka. Msiba kwetu hauishi upesi. Watu wanalala uani, wanapika, wanakumbushana mambo, wanacheka, wanalia tena. Kila nikipita chumbani niliuona mkoba wake umening'inia msumarini, simu imo ndani, nikasema moyoni, ngoja waondoke.

Sasa kwetu vitu vya marehemu havigawanywi mpaka visafishwe. Siku ya kuondoa matanga khanga zinafuliwa, sufuria zinasuguliwa, hata mpini wa jembe unaoshwa. Kazi hiyo aliishika shemeji yangu, mdogo wake marehemu, mwanamke asiyejua kufanya kitu nusunusu. Mimi nilikuwa nje na wazee wenzangu. Niliporudi uani nikaiona simu imeanikwa juani juu ya sufuria iliyofudikizwa, kando ya ndala zake, inang'aa kama mpya.

"Shemeji, hii umeifanyaje?"

"Nimeiosha."

"Umeiosha na nini?"

"Na maji na sabuni, kwani kuna kingine cha kuoshea? Ilikuwa imejaa mafuta ya vidole. Ulitaka tugawe kitu cha marehemu na uchafu wake?"

Binti yangu akaja mbio. Ilikuwa inawaka vizuri tu. Ilionyesha picha ya ndama wa mama yake, yule mwekundu. Akagusa. Hakuna. Akaifuta kwa kitambaa kikavu, akagusa tena. Akabandua ile plastiki ya juu inayokinga kioo, na chini yake kulikuwa na maji. Akafuta hapo pia. Akashikilia kitufe cha pembeni mpaka ikazima na kuwaka upya, na ndama akarudi anatutazama. Kugusa kile kioo ilikuwa kama kugusa ukuta. Shemeji yangu, sasa analia, akaizika kwenye debe la mchele, maana ndivyo alivyosikia watu wanafanya. Tukailaza humo. Ilitoka na vumbi la mchele kwenye tundu la chaji, kioo kimekufa vilevile.

Nikapanda basi na binti yangu mpaka Kahama. Fundi tuliyeelekezwa anakaa jirani na stendi, mtu mzima mwenye miwani. Tulikuta foleni. Jamaa mmoja mwenye tope la machimbo kwenye buti akautazama mkono wangu ulioshika simu.

"Mzee, na wewe umenunua simu janja? Si utaitoboa kwa vidole hivyo!"

"Ya mke wangu," nikamwambia. "Amefariki."

Akavua kofia. "Pole sana mzee wangu. Pita mbele."

Fundi akaniamkia shikamoo, nikaitikia. Akaifungua kwa nyuma, akapuliza, akasafisha kwa dawa, akachomoa waya mwembamba na kuurudisha. Akagusa kioo. "Tachi imekufa," akasema. "Lakini ngoja." Akachomeka waya wenye mausi ya kompyuta. Juu ya kichwa cha ndama kikatokea kimshale. Moyo wangu ulipiga kama wakati ule tunafikia mwamba wenye dhahabu. Akasogeza, vikatokea vidoti.

"Haya mzee, chora pateni yake."

Nikamtazama binti yangu. "Ninayoijua mimi ni ya zamani, baba. Aliibadilisha, wajukuu walikuwa wanammalizia bando."

Tukajaribu ile ya zamani. Sio. Herufi ya kwanza ya jina langu, ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuiandika. Sio. Ya jina la binti, ya ndama, ya mama mkwe wangu. Simu ikasema tungoje. Tukangoja, tukajaribu, ikasema tungoje zaidi. Miaka yote hiyo nimekula alichopika mkono ule, na sijui ukishika kitu unaanzia wapi.

Fundi akaivua kwenye waya, akaiinamisha kwenye mwanga wa taa yake. Akaigeuza huku na huku.

"Unatafuta nini?" nikauliza.

"Alama, mzee. Mtu akichora pateni ileile kila siku, kidole kinaacha njia ya mafuta kwenye kioo. Mara nyingi tunaisoma hapo." Akaivuta karibu na miwani. "Hii ni safi mno. Imefutwa?"

Binti yangu akainamisha kichwa. Mimi nikasema ndiyo, imefutwa.

"Basi kilichobaki ni kuiflashi. Nitabadilisha kioo, itafanya kazi kama mpya."

"Na vilivyomo?"

"Vinafutika vyote."

Nikaichukua mkononi mwake, nikaitia mfukoni. Tukapanda basi la kurudi Didia.

Shemeji yangu akaniuliza kama imepona. Nikamwambia bado. Sikumwambia kilichokuwemo, na sitamwambia. Amelia vya kutosha.

Simu iko hapa kitandani, kwenye chaji, upande aliokuwa analala yeye. Aliitegesha imwamshe asubuhi anywe dawa za presha, na mpaka leo inalia saa ileile. Binti aliniambia nibonyeze kitufe cha pembeni itanyamaza. Sibonyezi. Nakaa, namwangalia ndama, naisikiliza inalia mpaka ichoke yenyewe. Sauti iliyomo humo ninayoweza kuisikia ni hiyo tu.