Nukta Nyeusi Msituni

Juma hili, katika ofisi moja ya ardhi hapa Songea, nilimwona afisa kijana akimwonyesha bibi mmoja kutoka Namasakata ramani ya zamani ya msitu ambao ukoo wake umeamriwa kuuhama. Afisa alikuwa ameegemeza mkono katikati ya karatasi, wala hakuuondoa.

"Bibi, huu ni msitu mtupu tangu zamani. Hapajawahi kukaa mtu."

"Kwa hiyo mama yangu alinizaa kwa nyani? Hebu toa mkono, mjukuu wangu."

Akautoa polepole. Chini yake palijaa nukta nyeusi. Bibi akanigeukia: "Wewe mwenye miwani, wallahi usinifiche, hizo ni nini?"

Nikasoma maelezo ya pembeni: kila nukta ni nyumba.

Maandiko yanamlaani asogezaye mpaka wa jirani yake, nami nilikuwa tayari kumshukia kijana yule kama nabii. Lakini aliutazama mlango wa mkubwa wake, akanong'ona: "Ipigeni picha haraka, kabla hajarudi."

Tukaipiga. Namwombea kijana huyo rehema, maana aliogopa na bado akasema. Ila ofisi ambamo ukweli hutoka kwa kunong'ona inahitaji toba kabla ya kuhitaji ramani mpya.