Ulaya ya Siku Moja Nyumbani kwa Mwalimu Rémy

Wewe unayetaka kuhamia Ulaya pamoja na mke na watoto, hebu jibu bila kuzunguka: ukibanwa na tumbo, nani atakushikia mtoto?

Usiniambie habari za ndege, wala za maji yanayotoka ukutani. Jibu kwanza. Mwalimu Rémy wa hapa Bunia alikuwa na jibu la kila swali la dunia, ila hilo halikuwamo katika vitabu vyake vya jiografia, na ndilo lililomkuta mchana kweupe, mbele ya watu.

Rémy alizaliwa upande wa Mahagi. Serikali ilipotukataza sote majina ya ubatizo, alipewa jingine la karatasini. Mama yake hakusoma tangazo hilo, akaendelea kumwita Rémy, na mtaa mzima ukamfuata mama. Mapadri walimsomesha, Kisangani ikamalizia, akarudi na diploma kufundisha sekondari. Angeweza kuchora mto Meuse wa Ubelgiji ubaoni macho yamefumbwa, kona kwa kona. Kijito cha Nyamukau, kinachopita nyuma ya nyumba yake, hakuwahi kujua kinafurikia wapi, maana hakikuwamo kwenye mtihani.

Alikuwa mwalimu mzuri, na serikali ilimheshimu sana. Ilimheshimu mno hata ikaona haya kumpa mshahara. Mwaka ule wa themanini na tatu, pesa zetu zilipoanguka usiku mmoja na bei zikapanda asubuhi yake, walimu wote wa nchi walikuwa wakiishi kwa heshima tupu. Nyumbani kwa Rémy heshima hiyo iliungwa na maharagwe ambayo mke wake, Berthe, aliyauza sokoni. Wenzake wengine walitupa chaki wakakimbilia mashimo ya dhahabu ya Mongbwalu. Rémy alisema yeye hachimbi udongo. Yeye ni mtu wa ramani.

Basi ramani ikamjibu. Padri mmoja alimpatia nafasi ya masomo Ubelgiji, na ruhusa ya kwenda na mke wake na watoto wao wawili: Élise, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule, na Floribert, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Posho ya masomo ilikuwa imepimwa kwa kijana mmoja mwembamba asiyependa kula. Rémy alipanga iwashibishe wanne.

Jumapili moja baada ya misa alimwalika jirani yake Gérard aje aeleze maisha ya kule. Gérard alikuwa amepelekwa Liège na wanunuzi wa kahawa ajifunze kutengeneza mashine. Mashine zenyewe hazijafika Bunia mpaka leo, lakini Gérard alirudi na koti zito, na alilivaa hata jua likiwaka. Alikuwapo pia Shangazi Angélique, dada wa baba yake Berthe, aliyekuja kutoka Aveba kuwaaga. Yeye ndiye aliyeuliza.

“Maji iko inatoka ndani ya ukuta, ni kweli?”

“Kweli, Mama. Unafungua tu.”

“Bure?”

Gérard alicheka. “Bure! Kule hata joto ya nyumba wanauzisha. Pesa ikiisha, unaganda na batoto yako.”

“Joto wanauzisha! Na jua yao?”

“Iko. Ya kuangalia.”

“Na mama akienda kazi, nani anabeba mutoto?”

“Kuna nyumba ya kuwachunga. Unalipa kwa saa.”

Shangazi alipiga makofi. “Wanalipa mutu juu ya kubeba mutoto! Basi miye niko tajiri na hakuna mutu aliniambia. Berthe huyu nilimubeba mugongo mpaka akaota meno. Mukwe wangu, tuanze kuhesabu masaa?”

Watu wakacheka. Rémy alicheka pia, ila kwa upande mmoja wa mdomo.

“Na jirani?” akaendelea Shangazi.

“Jirani haumujue,” Gérard alisema. “Munagawana ukuta mwaka muzima, jina yake haujue. Mutoto akilia, anagonga ukuta. Ukitaka kumutembelea, unamujulisha. Anaangalia kalandari, anakuambia siku.”

“Na mutu akikufa?”

Gérard alivuta koti lake. “Kaburi nayo wanapangisha. Miaka ikiisha, kama hakuna wa kuongeza, wanamuweka mwengine.”

Hapo hakuna aliyecheka. Shangazi alifanya ishara ya msalaba. Rémy alikohoa, akaeleza kwa sauti ya darasani kwamba hayo ni mambo madogo, kwamba takwimu zinaonyesha watu wa kule wanaishi miaka mingi kuliko sisi.

“Si wanaogopa kupanga kaburi,” Shangazi akajibu.

Sasa, ni lazima ujue kwamba kwao Berthe, mama mwenye mtoto wa ziwa hapelekwi mbali mpaka shangazi yake aridhie. Mtoto akiwa bado hajatembea, wanawake wa ukoo ndio miguu yake. Ukimchukua kabla, umemkata miguu. Rémy alilijua hilo, akaliita mila iliyopitwa na wakati, lakini alimwogopa Shangazi kama sisi wengine tunavyomwogopa mkubwa wa zoni, yaani wa wilaya.

“Mukwe,” Shangazi alisema, “weye umesoma, miye sikusoma. Siwezi kukukatalia kitu sijaona. Basi nataka niione hiyo Bulaya. Kesho hii lupango yenu, nyumba na kiwanja yote, ni Bulaya. Berthe ataenda kazi. Weye utasoma vitabu na utachunga batoto. Siye tutakaa kwa jirani, ngambo ya hii miti ya ua; siye ni bazungu, hatukujue. Ukishinda, ndege iruke na baraka yangu. Ukishindwa, enda peke yako. Berthe na batoto wanarudi na miye Aveba.”

Rémy alikuwa ameshinda mtihani wa taifa. Alikuwa ameshinda maprofesa wa Kisangani. Je, angeshindwa na kitoto kisicho na meno? Akakubali mbele ya mashahidi. Berthe alikuwa nyuma ya nyumba akiosha sahani. Hakuna aliyemwita kumuuliza.

Jumatatu Berthe aliondoka na beseni lake la maharagwe, na Ulaya ikaanza.

Jambo la kwanza lilikuwa maji. Rémy alisimama kwenye ua, akatoa hoja kwamba kule maji yapo ndani, kwa hiyo kisheria hapaswi kwenda mtoni.

“Kule unalipa na franka,” ilisema sauti ng'ambo ya miti, kwa kuwa wazungu wale walikuwa na ruhusa ya kujibu mambo ya sheria. “Hapa utalipa na shingo.”

Basi diploma ikateremka Nyamukau na ndoo kichwani, Floribert kifuani, Élise nyuma akishika shati. Wanawake waliokuwa wakifua walinyamaza wote kwa pamoja, kama darasa anapoingia mkaguzi. “Mwalimu, Mama Élise iko mugonjwa?” mmoja akauliza. “Hapana,” Rémy akajibu, “tunajizoeza.” Maji aliyofika nayo nyumbani yalikuwa nusu, nusu nyingine aliivaa.

Akawasha mbabula, akaweka chungu cha viazi juu ya makaa, akafungua kitabu. Alisoma sentensi moja. Floribert alilia. Akambeba, akasoma sentensi ileile. Élise akasema ana njaa. Akapepea moto, akasoma sentensi ileile. Nakwambia, sentensi hiyo Rémy anaijua kwa moyo mpaka leo, na haijui maana yake.

Élise alichoka na Ulaya mapema. Akapenya miti kama alivyozoea siku zote, akamkimbilia Shangazi.

“Ulijulisha?” Shangazi akamuuliza, macho yakiwa mbali.

“Nini, Koko?” Ndivyo alivyomwita bibi yake huyo.

“Hapa hatuingie hivi. Rudia kwenu.”

Mtoto alisimama katikati, kidole mdomoni, akingoja ule mzaha uishe. Haukuisha. Akarudi akilia, na Shangazi akageuza uso upande wa barabara. Mimi nasema sheria zote mbaya za dunia huanza hivyo: anayezitunga hugeuza uso, kisha huzitekeleza.

Ndipo tumbo la Rémy, lililokuwa limevumilia maji ya mtoni na woga tangu asubuhi, likadai haki yake.

“Mama!” aliita kwa adabu. “Mumushike kidogo mutoto!”

Akaita tena:

“Mama Angélique, nakuomba!”

“Bonjour,” ilijibu sauti ng'ambo ya miti, na wenzake wakaziba vicheko kwa vitenge.

Rémy alifanya alivyoweza. Alimweka Floribert juu ya mkeka, akamwambia Élise amtazame, akakimbia mkono ukiwa kwenye mkanda. Élise alimtazama kweli. Alimtazama akitambaa kutoka mkekani, akitambaa kwenye vumbi, akielekea moja kwa moja kwenye kitu chekundu kinachong'aa, ambacho ni kizuri kuliko baba. Aliendelea kumtazama, kwa sababu ndilo aliloambiwa.

Mkono wa mtoto ulikuwa karibu na mbabula miti ilipovunjika. Shangazi Angélique, ambaye kila siku anasema magoti yake hayafiki kanisani, alipita katikati ya ua kama mbuzi aliyeona chui, akamnyakua Floribert, na chungu cha mboga kilichokuwa motoni kikamwagika. Rémy alitoka mbio, suruali mkononi. Alimkuta mtoto mzima kifuani mwa Shangazi.

Ungesema nini pale? Ungesema asante. Rémy alikuwa msomi, akasema:

“Umevunja sheria! Umevuka! Bulaya jirani havuke! Basi sikushindwa!”

“Haukushindwa?” Shangazi alifoka. “Mutoto alikuwa anaiva!”

Walibishana mpaka Berthe akarudi na beseni tupu kichwani. Kila mmoja alimsimulia upande wake, wote kwa wakati mmoja. Berthe aliutazama mkono wa mtoto, ukiwa mzima. Akainua mfuniko wa chungu cha pili, kilichokuwa kimeepuliwa mapema, akakuta viazi vimeiva, vibaya, lakini vimeiva. Akaangalia ndoo ya maji. Akaketi.

“Nani alichota hii maji?”

“Miye,” alisema Rémy.

“Na viazi?”

“Miye.”

“Na leo hakuna mugeni aliingia bila kujulisha?”

“Hakuna.”

Berthe akavua viatu. “Tangu niolewe, sijarudia kutoka sokoni nikakuta chakula imepikwa na mwanaume, maji imechotwa na mwanaume, na nyumba haina mugeni wa kulisha. Mulitaka kuniogopesha na Bulaya? Shangazi, mumenionyesha mbingu. Miye nataka kuenda.”

Shangazi alijishika kichwa. Lakini aliyebadilika rangi ni Rémy. Ghafla alikumbuka kwamba baridi ya kule ni mbaya kwa mapafu ya watoto. Alikumbuka kwamba posho ni ndogo, kwamba vyumba ni vyembamba, kwamba mwanaume mwenye busara hutangulia peke yake akatengeneza mahali. Tazama faida ya elimu: asubuhi alipigania kuwachukua, jioni alipigania kuwaacha, na mara zote mbili hoja zilikuwa za kisayansi.

“Mukwe wangu amepona!” Shangazi akashangilia. “Berthe, kesho tunapanda lori.”

Berthe hakubishana. Alikula viazi vibaya vya mumewe mpaka vikaisha.

Asubuhi yake Rémy alitoka na mswaki mdomoni, akaona watu wamesimama kando ya barabara, pale yanapongojewa malori ya Gety na Aveba. Shangazi alikuwa na kifurushi chake. Berthe alikuwa anakuja kwake akivingirisha kinu vumbini, kinu kikubwa cha mti mgumu alichopewa na Shangazi siku ya arusi. Kwao, mwanamke aliyerudisha kinu chake kwa mikono yake mwenyewe hana tena jiko pale alipokuwa, na hakuna wa ukoo anayeweza kumpokea na kumpa jingine. Sharti aende na mume wake popote anapokwenda, hata kwenye makaburi ya kupanga.

“Berthe, usifanye vile,” Shangazi alisema polepole.

“Pokea, Shangazi.”

“Na huyu akitangulia peke yake?”

“Atangulie. Miye niko nyuma yake na begi na batoto.”

Shangazi alikitazama kinu kama mtu anayetazama jeneza. Kisha akainama, akakigusa kwa mikono miwili. Alikuwa amepokea, na kupokea ni kuridhia. Wanaume wawili wakakipandisha juu ya mifuko ya chumvi, naye akapanda akakaa kando yake, mkono wake juu ya kinu kama anavyoshikwa mgonjwa asianguke. Lori likapiga honi, likaondoka. Berthe akapangusa vumbi viganjani, akampita mume wake bila kusimama, akaenda sokoni kuuza maharagwe.