Swaleh Aliyejibu "Njema" Damu Ikigoma Kuganda

Sababu niliyompa mke wangu ya kuondoka Voi ni kwamba nakwenda kumsalimia Swaleh, seremala wa Kuze, Mombasa, niliyefanya naye kazi karakana ya reli ujanani. Sababu ya kweli ilikuwa kifua. Kilinibana kila nikipanda kilima cha kwetu, nami nilitaka daktari wa mbali asiyemjua mke wangu. Kila asubuhi mke wangu huyo, Mama Wakesho, huniuliza, "Umeamkaje?" nami humjibu, "Mzima." Mwanamume utasema nini?

Jumamosi saa nne asubuhi nilifika Mombasa. Kuze huingiwa kwa miguu, na ukiwa na Swaleh, kwa miguu na kwa mdomo. Kila baraza ana jamaa, na kila jamaa ana wazee wa kuulizwa hali. Kichochoro kimoja kilitumalizia nusu saa. Nikamwuliza kama mambo haya hayafupishwi.

"Yakhe," akasema, "salamu haikatwi."

Saa nane mchana tulikuwa Kizingo, kwenye nyumba kubwa alikoitwa kupima madirisha. Nyuma palikuwa na mbao kuukuu chini ya majani makavu. Swaleh akaingiza mkono avute ubao aone kama ni mvule, akautoa mbio. Nikamwona nyoka, bafe mnene kama mkono wangu, akijivuta taratibu kurudi chini ya mbao.

"Ameniuma," Swaleh akasema kwa upole.

Kelele nilipiga mimi, kwa niaba yetu sote wawili. Nikavua mkanda wangu nikamkaza nao juu ya kiwiko kwa nguvu zote. Yeye akaufunika mkono kwa kikoi, maana aliona aibu kupita mbele za watu amefungwa kama mwizi. Mlinzi akatuitia tuktuk.

Hospitalini niliingia nimeishika suruali kwa mkono mmoja. Muuguzi mezani, msichana mwenye haraka zake, akainua kichwa.

"Hamjambo, wazee? Habari za mchana?"

"Njema, alhamdulillahi," akajibu Swaleh, jasho likimtiririka. "U hali gani, mwanangu? Wazee wako hawajambo?"

"Hawajambo, baba. Basi kaeni pale nyuma, nitawaita."

Tukakaa! Nyuma ya mtu wa kikohozi na bibi aliyefuata miwani yake. Nikamnong'oneza, "Swaleh, sema umeumwa na nyoka!"

"Ameniuliza habari, hajaniuliza maradhi. Akifika huko nitamwambia."

Nikafyata ulimi, maana mimi ni mgeni. Karibu saa nzima ikapita hivyo. Kisha akanigeukia anitabasamie, nikaona damu inamtoka kwenye ufizi.

Nikasimama. Mikono yote miwili ikaruka juu, suruali ikashuka chini. "Jamani! Huyu si mzima! Ameumwa na bafe!"

Baada ya hapo hakuna aliyemsalimu mtu. Muuguzi akafunua kikoi. Mkono ulikuwa umevimba hata vidole vimekuwa kama ndizi.

"Nani kamfunga hivi?" Nikajikuna kichwa. Akaulegeza mkanda kwa uangalifu. "Sumu hii huozesha nyama, nawe unaifungia hapohapo! Aliyeumwa na nyoka hutulizwa, akaletwa upesi, akasema. Basi."

Akamtoa damu, akaitia kwenye kichupa cha kioo na kukisimamisha mezani. "Dakika ishirini, mtu asikiguse. Ikiganda, afadhali. Isipoganda, ujue sumu imeshaingilia damu."

Mimi nilisali, Swaleh akasoma dua, sote tukikikodolea macho kichupa kimoja. Muda ulipotimia muuguzi akakiinamisha. Damu ikateleza kama maji ya ukwaju.

"Haijaganda," akasema.

Niliogopa nitarudi Kuze peke yangu, na kwenye kila baraza niulizwe Swaleh yuko wapi. Wakamtundikia dawa ya kuzuia sumu, ikaanza kumwingia mshipani tone kwa tone.

Jumapili asubuhi walitoa damu nyingine. Dakika ishirini zilipokwisha, kichupa kikainamishwa, na damu haikusogea. Ilikaa imara kama halua. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

"Umeamkaje, baba?" muuguzi akamwuliza.

Swaleh akafungua mdomo. Nikamtolea jicho.

"Naumwa," akasema. "Mkono unawaka moto, na kichefuchefu kimenizidi." Kisha akashindwa kujizuia: "Wazee wako hawajambo?"

Jumatano nilirudi Voi, nikimwacha Swaleh kitandani, uvimbe ukipungua. Daktari wangu sikumwona, maana siku zote nilikuwa kando ya kitanda hicho. Nilikuwa nimejifunza kwamba sumu ya nyoka huweza kuisahaulisha damu kazi yake, na kwamba mkanda ni wa suruali. La tatu lilinifika mlangoni, Mama Wakesho aliponipokea mfuko.

"Hujambo? Habari za Mombasa?"

"Nj..." nikaanza. "Si njema. Kifua kinanibana, tangu mvua zile zilizopita."

Aliweka mfuko chini, akajitupia mtandio begani, akaufungua tena mlango niliokuwa nimeufunga.

"Usivue viatu," akasema.