Baruti ya Taratibu

Baba yangu ana jicho moja zima. La kushoto liliharibika zamani, tulipokuwa bado bara, na tangu tuhamie Ibra, huku Omani, anaendesha gari, anasoma Kurani na kulenga shabaha kwa lile la kulia. Huku kuwinda hakuruhusiwi, lakini bunduki yake ya kuwindia ina kibali, na kila Idi pili wazee wa ukoo hukutana bondeni upande wa Al Qabil kupiga shabaha. Anayefungua kwa risasi ya kwanza ni mkubwa kuliko wote. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, mkubwa alikuwa Baba, na risasi nilizijaza mimi.

Nilichagua baruti inayowaka taratibu. Wapo wanaopenda ya haraka kwa kuwa hutumika kidogo, nawaachia wenyewe. Ya taratibu huisukuma risasi mtutu mzima. Ya haraka humaliza hasira zake palepale, karibu na uso wako. Tena ile ya taratibu hulijaza ganda karibu mpaka shingoni, hata ukikosea jicho linaona. Baba alikuwa hafungi risasi yoyote kabla ya kumulika ganda kwa tochi na kuchungulia ndani. Nilimcheka. Nilinunua mizani ya umeme, nikamwambia kuchungulia ni mambo ya porini.

Siku mbili kabla ya Idi nilijaza maganda ishirini na moja. Vichwa vya risasi vilikuwa ishirini tu, kwa hiyo ganda moja lilibaki wazi mezani na baruti yake ndani.

Asubuhi ya Idi pili, Baba ameshaondoka, niliingia stoo kupanga vitu vyangu. Nikaliona lile ganda. Baruti ilikuwa imeishia chini sana. Nikaimimina kwenye mizani: uzito ulikuwa uleule nilioutaka. Basi haikuwa ya taratibu peke yake, na ya haraka kwa uzito ule huipasua bunduki usoni mwa mpigaji. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na kopo jingine, la baruti ya haraka ya bunduki ya marisau. Sasa halikuwapo.

Nililikuta jikoni, limejaa bizari ya shuwa, ile nyama ya Idi ya kufukia shimoni.

"Mama, hili kopo lilikuwa na nini?"

"Si kopo lako? Yalikuwa mawili, yote nusu nusu. Nimeyaunganisha, nafasi imepatikana. Kwani kuna nini?"

Mama yangu hawezi kuona vitu viwili nusu nusu. Huunganisha mchele, sukari, hata sabuni za maji. Lakini nani aliyeitoa baruti kwenye vyombo vyake vyenye maandishi akaitia kwenye makopo ya maziwa ya unga, eti kwa sababu vifuniko vyake vinabana vizuri? Ni mimi.

"Hakuna kitu, Mama," nikasema, nikachukua funguo.

Nilimpigia Baba. Simu yake ikalia sebuleni, chini ya mto. Wengine nao kwenye shabaha huziacha simu garini, ndiyo sheria yao. Njia nzima ilijaa familia zinazokwenda Wadi Bani Khalid kuogelea, watoto wametoa vichwa madirishani, hakuna mwenye haraka isipokuwa mimi. Nilipiga honi kama mwendawazimu. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mungu anisamehe, sikuogopa sana kifo chake. Niliogopa aishi, akipapasa kuta za nyumba, nami nimemshika mkono kila asubuhi nikijua ni kazi yangu.

Nilipofika, Baba alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, bunduki begani. Wazee walikuwa wamesimama nyuma yake. Nikipiga kelele atashtuka, na kidole kilikuwa mahali pake. Basi niliitoa gari barabarani, nikapita juu ya mawe, nikaisimamisha kati yake na shabaha.

Hakuna adabu mbaya kuliko hiyo. Nilisikia mmoja akisema, "A'udhu billahi, huyu kachanganyikiwa?"

Baba aliinua kichwa. Akafungua bunduki, akaitoa risasi, akaishika kiganjani mpaka nikamfikia.

"Umepita mbele ya bunduki," alisema.

"Risasi mbovu hizo, Baba. Baruti imechanganyika."

Hakuuliza nani kaichanganya. "Uliyachungulia maganda?"

Wazee wote walikuwa wakinitazama. Jina la Mama lilinifika ulimini, nikalimeza.

"Sikuchungulia. Nilipima tu."

"Khalas, yameisha," alisema Baba. Akazikusanya zote ishirini ndani ya kofia yake, akampa binamu yake nafasi ya kufungua kwa bunduki nyingine, akarudi nami garini kichwa wazi. Mama alitupokea kwa kahawa na halua, akauliza mbona mapema, Baba akamwambia jua kali.

Mama hajui mpaka leo. Baruti sasa inakaa kwenye vyombo vyake vyenye maandishi, na stoo ina kufuli.

Bado napima kwa mizani. Nikimaliza nampelekea Baba maganda, kwenye sinia. Huwasha tochi, huyainua moja moja mpaka karibu na lile jicho la kulia, huchungulia bila haraka. Nami nakaa mbele yake na vichwa vya risasi mkononi, sithubutu kufunga hata kimoja mpaka aseme, "Sawa. Lete jingine."